Mwaka Mume Wangu Alipogombea Bila Kuahidi Kitu

Mume wangu ni fundi mwashi. Amejenga madarasa, matangi na makaburi kuanzia Ndhiwa hadi karibu na mpaka wa Narok, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akitupa msumari uliopinda. Anaulaza juu ya jiwe, anaugonga mpaka unyooke, kisha anautia mfukoni. Watu walimwita mkono wa birika hata kabla hajaingia siasa. Nami, nisidanganye, nilikuwa miongoni mwao. Nimeishi na mtu anayezima redio wakati wa matangazo ili betri zisiishe.

Kwa hiyo asubuhi aliponiambia, huku akipiga mswaki uani, kwamba atagombea kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti, nilidhani nimesikia vibaya.

"Kwa pesa gani?" nikamuuliza.

Akatema povu. "Hilo ndilo swali ninalotaka watu wawaulize wale wengine."

Chanzo kilikuwa josho la kuogeshea ng'ombe. Wiki hiyo mkandarasi mmoja alimwita akajenge josho jipya, naye alipofika akakuta la zamani lipo papo hapo, hatua chache tu, limepasuka ukuta mmoja. Aliuchungulia ule ufa, akaupapasa, akamwambia mkandarasi kwamba mifuko michache ya simenti na siku tatu zingetosha. Mkandarasi akacheka. Pesa zilikuwa za josho jipya, akasema, si za kuziba ufa. Mume wangu akafunga mwiko na pima maji yake nyuma ya pikipiki, akarudi nyumbani bila kazi, wakati ambapo kazi hiyo tuliihitaji kwelikweli.

Mimi nilikasirika. Sikuficha. Siku ya nne yeye akaja na ule mswaki.

Mimi nina duka la dawa za mifugo karibu na soko la Ogwedhi. Nilizaliwa upande wa Homa Bay, maili chache kutoka Rodi Kopany, nikaolewa huku Migori, na hadi leo wakwe zangu wananiita nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay. Nyumbani tunaongea Kijaluo, lakini dukani Kijaluo hakinifikishi mbali. Siku ya soko wanakuja Wamaasai na ng'ombe wao, Wakuria, Wakisii, Wasomali wanaonunua kwa malori, na wote tunaelewana kwa Kiswahili. Mume wangu Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukisema mbele ya watu anakipanga neno kwa neno kama mtu anayepanga matofali, na kabla hajamaliza mstari mmoja wasikilizaji wamekwisha ondoka. Ndiyo maana aliniomba niwe mkalimani wake.

Sera zake alikuwa ameziandika kwa Kijaluo nyuma ya kurasa za kalenda ya mwaka uliopita. Nilizitafsiri dukani, katikati ya wateja. Mwenye ng'ombe hatatozwa ushuru mara mbili, akiingia sokoni na akitoka. Hakuna jengo jipya litakalopigiwa kura kabla ya yale yaliyokwama kukamilika. Yeye mwenyewe hatasafiri ng'ambo kujifunza namna wenzetu wanavyozoa taka. Hatachukua mkopo wa gari, maana pikipiki anayo. Kaunti isikope pesa za sherehe. Majina ya watoto waliopata basari yabandikwe kwenye mlango wa chifu, kila mtu ayaone. Na katika kampeni, hatampa mtu yeyote chochote.

Tulibishana juu ya neno moja tu.

"Hapa neno lako kwa Kiswahili ni kubana matumizi," nikamwambia. "Watu wakisikia kubana, watafikiri wao ndio watakaobanwa. Niseme kutunza."

"Kuna watakaobanwa," akasema. "Andika kubana."

Nikaandika.

Mkutano wa kwanza tuliufanya siku ya soko, pembeni mwa zizi, kwa kipaza sauti kidogo ninachotangazia dawa ya minyoo. Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilipofika kwenye ushuru wa mara mbili, wachuuzi wa ng'ombe walipiga fimbo zao chini wakishangilia. Safari za ng'ambo zikawachekesha. Nikaanza kuona raha, na nikawa naongeza chumvi kidogo hapa na pale, jinsi ninavyofanya nikiuza dawa.

Ndipo mwendesha bodaboda mmoja, mtu wa makamo mwenye koti la mvua jua likiwaka, akapaza sauti.

"Vijana wangapi utaajiri ukiingia?"

Mume wangu akajibu kwa neno moja la Kijaluo. "Ooyo." Maana yake hapana. Kisha akaeleza, kwa Kijaluo hichohicho, kwamba ofisi zimejaa watu wasio na hata meza ya kukalia, na kwamba hatamdanganya mtu kuwa kuna kazi inayomngoja.

Nikatazama zile nyuso. Nikamwona yule wa bodaboda ameinua shingo akinisubiri mimi. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Anasema jambo la ajira tutaliangalia."

Nusu ya waliokuwapo ni Wajaluo. Walilisikia neno lenyewe, na wakasikia nilichokifanya nalo. Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. Mume wangu akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, taratibu, na kwa kile Kiswahili chake cha matofali akasema, "Mke wangu... amewahurumia. Mimi nilisema hapana. Jibu ni hapana."

Hapo kicheko kikageuka, wakaanza kutuzomea. Watu wakatawanyika kurudi kwa ng'ombe wao. Mimi nikabaki nimesimama na karatasi za kalenda.

Njiani kurudi dukani nilimwambia kwamba ameniaibisha mbele ya wateja wangu.

"Kukupokonya kipaza sauti, nisamehe," akasema. "Kwa lile neno, siombi msamaha."

Sikusema naye siku mbili. Nilimpakulia chakula, nikampa maji ya kuoga, lakini maneno hapana. Siku ya tatu akaja mzee mmoja Mmaasai dukani, mteja wangu wa siku nyingi, akanieleza dalili za fahali wake. Nikamuuliza maswali mawili matatu, nikajua yule fahali amekwisha.

"Sina dawa ya hiyo, mzee," nikamwambia. "Rudi umchinje leo, kama bado anasimama."

Alinuna, akaniaga, akaenda zake. Mara ikanijia kwamba miaka yote nimekuwa namwambia mtu ukweli juu ya ng'ombe wake, hata akinuna, hata akienda duka la pili. Sijawahi kumuuzia mtu sindano ya mnyama anayekufa. Sasa kwa nini pale zizini niliwauzia watu "tutaliangalia"? Niliona haya, na si ile haya ya kuchekwa.

Siku ya soko iliyofuata nilimwambia mume wangu, "Leo utasema, nami nitasema ulichosema. Hata wakitupiga mawe."

Hawakutupiga mawe. Mtu alinirushia gunzi la mahindi likanipata begani. Nililiokota, nikaliweka chini karibu na miguu yangu, nikaendelea pale nilipokuwa nimefika. Sauti yangu ilikuwa imepata kitu ambacho haikuwa nacho juma lililotangulia. Mtu akiuliza utatupa nini, mume wangu anasema hakuna, nami nasema hakuna, bila kupepesa jicho. Mtu mwingine akaita, "Basi toeni hata ya soda!" Nikamjibu mwenyewe kabla mume wangu hajafungua mdomo: "Soda ya leo utailipia miaka mitano, ndugu yangu. Nunua yako."

Mama mmoja anayeuza mbuzi, mwembamba, mwenye kitambaa cheusi kichwani, akanyanyua mkono. Alisema mdogo wake ni mwalimu wa chekechea, na mshahara wake huchelewa. "Huyu wako anayependa kubana, atambana na huyo?"

Lilikuwa swali gumu, na nilimtafsiria lote, pamoja na ule ukali. Mume wangu alifikiri. Akasema yule anayefanya kazi tayari alipwe kwa wakati kabla hajaletwa mwingine hata mmoja, na kama hilo litamkosesha kura za wanaongoja kuletwa, basi zimkose.

"Hiyo nimesikia," akasema yule mama. Hakusema atampigia kura. Aligeuka tu akaendelea kumshika mbuzi wake sikio.

Baada ya hapo habari zilienea, na hazikuenea vizuri. Kwenye mazishi, ambako wagombea wengine walikuwa wakipewa kipaza sauti na kutoa mchango mbele za watu, mume wangu alikuwa akichimba kaburi na wenzake, kisha anakaa nyuma. Mchango wake aliupeleka kwa mfiwa siku ya pili, bila kushuhudiwa. Watu wakasema hana kitu. Watu wakasema ana kitu ila ana roho mbaya. Kanisani, mama mmoja aliniuliza baada ya ibada ya Sabato kama ni kweli nyumbani kwangu sukari hupimwa kwa kijiko. Nikamwambia ni kweli, na kwake pia ingepimwa kama angetaka kuona mwisho wa mwezi.

Lakini aliyeniuma zaidi ni kaka yangu wa Rodi Kopany. Ana duka la vifaa vya ujenzi pale, na ana moyo mkubwa, siwezi kumnyima sifa hiyo. Alituita nyumbani kwake. Tulipofika akatuonyesha katoni mbili za kofia nyekundu zenye picha ya mume wangu. Alikuwa amezilipia kwa pesa zake, na nje alikuwa amefunga fahali wa kuchinjiwa wapiga kura.

Mume wangu akaivaa kofia moja, akaivua, akaikunja akaitia mfukoni. "Asante, shemeji. Hii moja nitaivaa shambani. Zilizobaki siwezi. Wala fahali."

"Kwa nini usiweze? Ni zawadi!"

"Nikiwavisha kofia, siku moja watauliza kofia ilitoka wapi. Nitawajibu nini? Na wewe unauza simenti, na kaunti inanunua simenti."

Kaka yangu alielewa, na ndiyo maana akakasirika. Akanigeukia mimi. "Dada, huyu mtu anakutia aibu. Kila mtu Rodi hapa ananicheka. Mwambie."

Zamani ningemwambia. Ningemvuta kando, ningembembeleza. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Omera, kaka yangu, wanaocheka waambie waje Ogwedhi siku ya soko. Mimi nitawatafsiria mwenyewe." Tulikula ugali wake na samaki wake, tukamshukuru mkewe, tukaondoka. Kaka yangu hakutusindikiza hadi barabarani kama kawaida yake. Tulipatana, lakini baada ya miezi mingi.

Wiki tatu kabla ya kura, mtu alikuja dukani saa nne asubuhi. Namjua, wengi wanamjua, ni mtu wa kutumwatumwa na wanasiasa, mwenye viatu safi hata wakati wa matope. Alinunua chupa ndogo ya dawa ya kupe ambayo nina hakika hakuwa na haja nayo. Kisha akaegemea kaunta.

"Binti yenu alimaliza uuguzi, sivyo?"

Nikamwambia alimaliza.

"Na yuko nyumbani tu."

Nikamwambia yuko nyumbani.

Akaniambia kwamba kuna nafasi. Jina lingeingia kwenye orodha kabla ya mwezi kuisha, barua ingekuja mpaka mlangoni. Mume wangu atangaze tu kwamba afya yake si nzuri, amuunge mkono mtu fulani. "Mzee ameshasema yake, watu wamemsikia. Apumzike sasa. Wewe ni mama, unaelewa."

Ndiyo, nilielewa. Binti yangu alikuwa na cheti chake kwenye bahasha ya plastiki tangu miaka miwili iliyopita. Alikuwa ameandika maombi hospitali baada ya hospitali. Alikuwa ananisaidia kuchoma sindano ng'ombe wa watu, yeye aliyesomea watu. Usiku wa kuamkia mahafali yake niliapa kimoyomoyo kwamba sitaomba tena kitu kingine kwa Mungu zaidi ya kazi ya mtoto huyu. Na sasa kazi ilikuwa imeegemea kaunta yangu na viatu vyake safi.

"Nipe hadi mchana," nikamwambia.

Sikumwendea mume wangu. Jibu lake nililijua. Nilimwita binti yangu kutoka stoo alikokuwa akipanga magunia ya chumvi ya ng'ombe, nikamkalisha juu ya gunia moja, nikamweleza lote bila kupunguza. Nilimwambia uamuzi huu ni wake kuliko wa babake au wangu, kwa sababu anayenunuliwa hapa kwa kweli ni yeye.

Alikuwa akichomoa nyuzi za gunia, moja moja.

"Hiyo nafasi," akasema mwishowe, "ni ya mtu mwingine, sio? Kuna mtu ametuma maombi kama mimi, anangoja kama mimi, na jina lake litaruka."

"Pengine."

"Mama, mwambie hapana." Akanyanyuka, akajipangusa chumvi kwenye sketi. "Lakini usiniambie nifurahi."

Sikumwambia. Nilimshika mkono, akaniachia niushike kidogo, kisha akarudi kwenye magunia yake. Kati ya yote yaliyotokea mwaka ule, hili ndilo ninalolikumbuka nikiwa peke yangu.

Mchana yule mtu aliporudi nilimrudishia pesa ya dawa ya kupe, nikaichukua ile chupa mkononi mwake nikairudisha rafuni.

"Jibu ni hapana," nikasema. "Na ukitaka nilitafsiri kwa lugha nyingine, ninazo tatu."

Akatabasamu. "Mama, mtashindwa."

"Tutashindwa tukiwa tumesimama. Pisha njia, kuna mteja nyuma yako."

Na kweli tulishindwa. Walikuwa wagombea saba, mume wangu akawa wa tatu. Kituo kimoja tu alishinda, kile cha shule iliyo karibu na soko la ng'ombe. Jioni matokeo yalipobandikwa aliyasoma yote, ya kila mgombea, akamtafuta aliyeshinda ndani ya umati, akampa mkono. Asubuhi yake akaenda kujenga choo cha jirani. Nilimuuliza kama ameumia. Akasema ameumia, akaongeza kwamba wa tatu si haba kwa mtu ambaye hakununua hata soda. Nilicheka mpaka nikaketi.

Binti yetu alipata kazi mwaka uliofuata katika kliniki ndogo ya watu binafsi huko Ndhiwa. Alifanyiwa usaili, akajibu, akachukuliwa. Mshahara ni mdogo kuliko ule ambao angepata kwa barua ya mlangoni, na kuna miezi anaomba nauli kwangu. Sijui kama amemsamehe babake. Hatuliongei. Akija nyumbani huwa anakaa naye uani, wanamenya viazi, wanazungumza habari za wagonjwa.

Nami nilidhani ukalimani wangu umekwisha pamoja na kampeni. Lakini mwaka huo kulitangazwa kikao cha wananchi kutoa maoni juu ya ushuru wa kaunti, na ndani ya mapendekezo mlikuwa na ada ya kuingiza mnyama sokoni na nyingine ya kumtoa. Mume wangu alikuwa na kazi ya kumwaga zege, na zege haingoji mtu. Nikafunga duka, nikaenda peke yangu.

Ukumbi ulikuwa umejaa nusu. Mlangoni kijana mwenye rejista akaniuliza ninawakilisha shirika gani. Nikamwambia siwakilishi shirika lolote. Akasema lazima ile nafasi ijazwe.

"Basi andika muuza dawa ya kupe."

Akanitazama, akaandika.

Walipofika kwenye kipengele cha masoko ya mifugo, mwenyekiti wa kikao akauliza kama kuna maoni, na kabla hajafunua ukurasa unaofuata nikawa nimesimama. Sikuwa na karatasi. Niliwaeleza juu ya mtu anayetembeza ng'ombe watatu siku nzima, akalipa mlangoni, akakosa bei, akarudi nao wote watatu, na bado analipishwa kutoka. Niliwaeleza kwamba mtu huyo ndiye mteja wangu, na kwamba ile pesa ya kutokea ndiyo ambayo angenunulia dawa, na ng'ombe akifa hapatakuwa na cha kutoza ushuru wowote, wa kuingia wala wa kutoka.

"Mama, muda wako umekwisha," akasema mwenyekiti.

"Umekwisha, lakini maneno hayajaisha. Nimekuja kwa pikipiki kutoka Ogwedhi. Sijalipwa posho ya kikao. Nitamaliza."

Watu wawili watatu wakacheka, halafu mtu nyuma akasema, "Mwache amalize." Nikamaliza. Niliongea kuhusu majengo yaliyokwama pia. Nilipokaa, mama aliyekuwa karibu nami, ambaye sikumjua, alinisukumia chupa yake ya maji.

Ushuru ulipopitishwa, ada ya kutoka ilikuwa imeondolewa. Ya kuingia ilikuwa imepandishwa. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo kazini, akiwa juu ya ngazi.

"Nusu," akasema.

"Nusu," nikasema. "Mwaka ujao narudi kuitafuta nyingine."